Siku Nilipoziba Bomba la Genova kwa Mkate

Jamani, aibu hii nilikuwa nimepanga kuzikwa nayo, lakini kwa kuwa kanisa zima limeshajua (na huku kwetu kanisa likijua, sokoni wamejua kabla misa haijaisha), bora muisikie kwangu mwenyewe kuliko muisikie kwa Baba Anjela, ambaye kila akisimulia anaongeza mbwa mmoja. Mara ya mwisho nimemsikia amefika mbwa wanne. Mbwa alikuwa mmoja tu, tena mdogo, na wala mimi sikulia kama anavyodai, yale yalikuwa maji ya bomba.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni Mama Fides, mwalimu wa darasa la tatu huku Mnyambe, Newala, na nyumba yangu ni kama zenu tu, ina bati, ina gata, na uani ina kisima cha saruji cha kupokea maji ya mvua, na kisima kina mfuniko wa chuma, na mfuniko una kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo haulali kabatini wala kwenye msumari, unalala shingoni mwangu. Marehemu mume wangu alikuwa anasema mimi nimeolewa na kisima, yeye ni mpangaji. Sikatai. Ninyi mnaijua Septemba ya huku, mnajua mtu anavyoamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga ndoo mahali ambapo hata hajui kama maji yatatoka.

Sasa shule yetu ina bati zuri la madarasa manne lakini tangi haina, kwa hiyo masika nasimama dirishani na chaki mkononi naangalia maji yote yale yanaporomoka yanakwenda zake bondeni, halafu kiangazi wasichana wa darasa la sita na la saba wanakosa vipindi viwili vya asubuhi kwa sababu wameyafuata hukohuko bondeni na ndoo kichwani. Jambo hilo limeniuma miaka. Ndiyo maana parokia rafiki ya Genova (ni mji wa bandari huko Italia, wa zamani kwelikweli) ilipotuandikia kwamba watu wawili waende wakaeleze ombi la tangi mbele ya kamati yao, nilichaguliwa mimi kwa sababu ya shule, na Baba Anjela kwa sababu ndiye katibu wa parokia na anajua kuvaa tai.

Baba Anjela ni mwalimu mstaafu, Mmakua wa Masasi aliyeoa huku kwetu, na mimi ni Mmakonde, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani mnaujua. Shikamoo nampa kwa sababu amenizidi umri, ila akishaitika marahaba, heshima imeishia hapo.

Mkobani nilibeba barua ya ombi. Paroko wetu, aliyesoma huko, ndiye aliyeiandika kwa Kiitaliano, kurasa tatu, sahihi saba, mihuri miwili, na wazee wa kanisa walinikabidhi mbele ya altare kana kwamba wananikabidhi mtoto mchanga. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuifikisha barua ile mezani kwa kamati, Jumamosi saa kumi na moja jioni, ikiwa kavu. (Neno "kavu" hawakulisema, hakuna aliyefikiri kwamba lingehitajika.)

Mwenyeji wetu alikuwa Mama Luisa, bibi wa miaka sabini na kitu, mwenyekiti wa kamati hiyohiyo. Ujanani alikuwa muuguzi huku kusini, na Kiswahili chake kilichobaki ni kile cha wodini, "fungua mdomo," "inauma wapi," "pumua." Jumamosi ile asubuhi alikuwa ametoka saluni, nywele zake nyeupe zimeviringwa zikasimama vizuri mno, ungedhani ni keki ya kipaimara. Nilipomwamkia shikamoo akazigusa taratibu kwa kiganja, akaitika, "Marahaba, mwanangu. Hii kwa kikao." Naomba nywele hizo mzikumbuke.

Basi akasema kabla ya kikao tuuone mji. Tukaanzia juu mlimani, mahali unapoiona bandari yote, meli zimejipanga, mnara wa taa umesimama peke yake, nyumba zimepandana mlimani hadi usiamini kama za chini zinapumua. Baba Anjela akaweka mikono kiunoni akatangaza kwamba pale ni Shimo la Mungu tupu, lile bonde letu kubwa la Newala, tofauti ni kwamba hapa mtu amelijaza maji. Tukashuka kwenye vichochoro vyembamba sana ambavyo watu wa dirisha hili na dirisha lile wanaweza kupokezana chumvi. Tukaingia kanisa la mawe meusi na meupe, mstari kwa mstari (akasema ni la punda milia), tukaingia na jumba la matajiri wa zamani lenye picha darini za watu wasio na nguo, na hapo Baba Anjela aliinamisha shingo nyuma robo saa nzima, akasema anasoma historia. Mchana tulikula tambi zenye mboga ya majani mabichi iliyotwangwa, nikamuuliza Mama Luisa kama ndani yake hawawekagi korosho, maana tulimletea kilo mbili, akaniangalia kama niliyependekeza kuweka sabuni. Mkate wao ule bapa wenye mafuta ulinishinda, nikaubakiza nusu, nikaufunga kwenye karatasi nikautia mkobani. Mkate huo nao mkumbukeni.

Saa tisa hivi, Baba Anjela akaanza kuchechemea. Alikuwa amenunua viatu vipya kwa ajili ya safari, vyeusi, vya kuchongoka, nilimwambia kabla hatujasafiri avivae kwanza nyumbani vilegee, akasema viatu vya Ulaya havivaliwi Newala. Sasa vikamlipa. Tukafika kwenye kiwanja kidogo chenye mgahawa na meza nje, akakaa kwenye ngazi za kanisa, akavua, kisigino kimeumuka. Mama Luisa akainama na kwa mara ya kwanza tangu tufike Kiswahili chake kikapata kazi yake.

"Inauma wapi? Hapa? Pumua." Kisha akatuonyesha duka la dawa upande wa pili. "Mimi nunua plasta. Kaa. Kaa tu."

Kaa tu. Maneno mawili, na hata mtoto wa chekechea angeyatii.

Lakini nyuma yangu nikasikia sauti. Nyie mnaijua sauti hiyo, mtu wa Newala anaisikia hata usingizini, sauti ya maji yanayomwagika bila chombo. Nikageuka. Ukutani palikuwa na bomba, mdomo wake wa shaba umekunjwa kuelekea chini, na maji yanatoka manene kama kidole gumba, masafi, ya baridi, yanaangukia kwenye bakuli la jiwe, yanaingia kwenye tundu, yamekwenda. Hakuna ndoo. Hakuna foleni. Hakuna hata mtu anayeyaangalia. Nikajua mara moja kuna mtu amelisahau wazi.

Kwanza nikajaza chupa zangu zote mbili, kwa sababu hata kama una haraka huwezi kuyapita hivihivi. Kisha nikatafuta mahali pa kufungia. Nikapapasa juu, chini, nyuma, hakuna koki wala gurudumu. Akapita kijana mmoja na simu yake, nikamwonyesha bomba, nikazungusha mkono hewani kama mtu anayefunga, kumwuliza linafungwaje, naye akatabasamu, akazungusha mkono wake vilevile, akaendelea na safari yake. Alidhani ni salamu.

"Mtani," Baba Anjela akasema kutoka kwenye ngazi, "acha maji ya watu."

"Yanamwagika, baba!"

"Yaache yamwagike. Yana kwao."

"Ndoo inajaa hapa kwa dakika moja. Tangu tumekaa zimeshapotea ndoo tano!"

"Basi zihesabu tu, usiziguse."

Ningemsikiliza leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini tayari nilikuwa nawaona wasichana wangu wanapanda kutoka bondeni na ndoo, na kila tone lililoingia kwenye tundu lile niliona linatoka kichwani mwa mmoja wao. Kama ningekuwa nyumbani ningetafuta gunzi la muhindi, ndicho kizibo chetu cha kila kitu, dumu, kibuyu, hata bomba la shule liliwahi kukaa na gunzi mwaka mzima. Genova nzima haina gunzi. Nikafungua mkoba, na macho yangu yakaangukia kwenye ule mkate.

Mkate wao ni mzuri, una mafuta, unakandika. Nikaufinyanga ukawa donge refu, nikalizungushia kitambaa changu cha mkononi (kile nilichokidarizi mwenyewe, kimeandikwa KARIBU MGENI kwa uzi mwekundu), nikalisokomeza kwenye mdomo wa bomba, na lilipogoma kuingia lote nikachukua kiatu kimoja cha Baba Anjela nikaligongea kwa kisigino. Pa, pa, pa. Maji yakakatika.

Kimya kile, jamani, kilikuwa kitamu. Nikarudisha kiatu, nikajifuta mikono, nikakaa kwenye ngazi nikiwa nimeridhika kabisa.

Ndipo akaja mzee mmoja na mbwa wake mdogo mweupe. Mbwa akaenda moja kwa moja kwenye bakuli la jiwe, akachungulia, akamwangalia mzee, akaanza kubweka. Mzee akachungulia naye. Akaona kitambaa. Akakisoma, sijui alielewa nini, akaanza kuongea kwa sauti na kupungia mikono, watu wa mgahawani wakageuka, na mimi nikasimama ili nimweleze kwa adabu kwamba nimemsaidia mwenye bomba.

Kitu nisichokijua ni kwamba juu kabisa, pale bomba linapokunja, kulikuwa na kitundu. Wenyeji wanakijua, mtu akitaka kunywa anaziba mdomo kwa kidole, maji yanapanda kwenye kitundu yanamfikia midomoni, ustaarabu mtupu. Lakini kidole kinaachia na mkate wangu hauachii. Maji yakanong'ona kidogo, yakakohoa, yakatema kipande cha mkate kilichokuwa kimekwama kitunduni, halafu yakaruka juu futi kama kumi, yakafanya upinde mzuri, yakatua katikati ya meza za mgahawa, juu ya watalii waliokuwa wanakula aiskrimu.

Nikakimbia, nikaziba kitundu kwa kiganja. Hapo nikagundua kwamba kiganja cha mtu hakizibi, kinageuza njia tu. Maji yakachomoka ubavuni, kati ya vidole, yakaenda bapa na kwa nguvu kuvuka kiwanja kizima, na katika dakika hiyohiyo mlango wa duka la dawa ukafunguka, akatoka Mama Luisa na plasta zake. Yalimpata kichwani. Keki yote ikaanguka upande mmoja.

Nikaondoa mkono kwa hofu, yakarudi kwa watalii. Watalii wakapiga kelele, nikarudisha mkono, yakarudi kwa Mama Luisa, ambaye badala ya kukwepa alikuwa ameganda palepale mlangoni anasema "Pumua! Pumua!" (nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe). Mkono ukiwa juu, wageni, mkono ukiwa chini, mwenyekiti wa kamati. Nikajaribu kuchomoa kizibo, nacho kilikuwa kimelowa kimevimba kimekaa kama jino. Na msaada uliobaki duniani, yaani mtani wangu, ulikuwa umelala chali kwenye ngazi, miguu mitupu hewani, unacheka hadi hautoi sauti, na ilipotoka ikatoka hivi, "Mmakonde ameyakamata maji! Usiyaachie, mtani! Yafunge kufuli!"

Watu walirekodi. Niliona simu zaidi ya ishirini, na mimi nimekumbatia bomba, kitenge kimenigandama, mbwa ananizunguka anakunywa kila upande, amefurahi kuliko wote. Ikatokea pia kwamba wakati wote huo mkoba wangu ulikuwa wazi chini ya bomba, palepale nilipouacha nilipotoa mkate.

Mwishowe akafika askari wa kike, na nyuma yake fundi wa maji. Fundi hakusema kitu. Akaenda hatua tatu, akapiga magoti, akafunua mfuniko wa chuma uliokuwa sakafuni, akatoa ufunguo mrefu, akauzungusha, maji yakanyamaza. Nikamwambia Baba Anjela, "Unaona? Hata wao wanayafungia kwa ufunguo!" lakini hakuwa na hali ya kusikia hoja. Kisha fundi akashika koleo, akavuta, kizibo kikatoka, akakinyoosha mbele ya watu wote kile kitambaa chenye makombo, KARIBU MGENI, na kiwanja kizima kikapiga makofi. Mama Luisa akaweka sahihi kwenye karatasi ya askari, nywele zinadondosha maji kwenye sahihi. Hakunitazama.

Mkobani nikakuta uji. Mihuri miwili imeyeyuka ikawa doa moja la zambarau, sahihi saba zimeogeleana, na Kiitaliano cha paroko hakisomeki hata mstari mmoja. Hapo ndipo kicheko cha Baba Anjela kilipokatika. Akaniambia taratibu, "Mwalimu, tangi limekwenda," na aliponiita mwalimu badala ya mtani nilijua mambo ni mabaya kweli.

Saa kumi na moja tukaingia kikaoni, Mama Luisa na taulo kichwani, mimi nimevaa sweta lake la kunifika kiunoni, Baba Anjela na tai na ndala. Watu wa kamati tisa, na mmoja wao tayari alikuwa anawaonyesha wenzake simu chini ya meza. Nikaweka ule uji mezani. Sikuwa na barua, sikuwa na Kiitaliano, na mkalimani pekee ni yule niliyemwogesha mara nne. Nikasema tu ukweli ulivyo, kwamba sikukusudia kuharibu mji wao, kwamba mimi ni mtu ninayelala na ufunguo wa maji shingoni, nikauvuta ufunguo kutoka ndani ya sweta nikawaonyesha, na kwamba wasichana wangu kiangazi hiki kila asubuhi hawapo darasani, wako bondeni, na kwa hiyo nilipoyaona maji yanakwenda bure mkono wangu haukuniuliza. Mama Luisa akatafsiri. Alitafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema, na katikati yake wakacheka sana, na mwishoni hawakucheka. Kisha wakasema wataandika barua, na mtu akisema ataandika barua mnajua maana yake ni nini.

Kwenye ndege ya kurudi nilimwapisha Baba Anjela asimwambie mtu. Akasema mdomo wa Mmakua unafungwa kwa jogoo. Nikampa jogoo, yule mwekundu mkubwa, na nyumbani tukasema safari ilikuwa njema, kikao kilikuwa kizuri, tusubiri. Miezi miwili nilisubiri silali. Nikiwaona wasichana wanapita na ndoo nilikuwa nageukia ubaoni.

Halafu Jumapili moja, baada ya komunyo, Baba Anjela akasimama kwa matangazo na bahasha mkononi, na paroko pembeni yake kutafsiri. Kamati ya Genova imekubali. Tangi la shule litajengwa, kubwa, la saruji, na gata mpya. Akina mama wakapiga vigelegele, mimi nikashika benchi. "Lakini," paroko akaendelea, "wana sharti moja. Ufunguo wa tangi akae nao yule mama wa bomba, na asipewe mtu mwingine yeyote." Akaichukua bahasha kwa Baba Anjela akaigeuza, kikadondoka kitambaa kimefuliwa, kimepigwa pasi, akakiinua juu watu wakione. "Na hiki sijui ni cha nini. Mama wa bomba ni nani?"

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa akasimama akasema huenda ni kosa la kuandika, mali ya jumuiya ufunguo wake hukaa kwa mwenyekiti, bora tuwaandikie upya tuwaulize, na mimi nikaiona miezi mingine, barua nyingine, masika mengine yakiporomoka kwenda bondeni. Nikamtazama Baba Anjela anisaidie. Akatazama paa. Mtani wangu, siku hiyo moja maishani mwake, aliamua kuheshimu jogoo.

Basi nikasimama. Kanisa zima, wanafunzi wangu, wakwe zangu, kwaya. Nikasema, "Kitambaa ni changu," na kwa kuwa huwezi kusema hivyo ukakaa, nikasimulia yote, mkate, kiatu, nywele, mbwa, na nilipofika kwenye "pumua" paroko alikuwa ameegemea altare anajifuta macho kwa kanzu. Baba Anjela alingoja nimalize, ndipo akasema kwenye kipaza sauti, "Mbwa walikuwa wawili."

Tangu hapo naitwa Mama Mkate, sokoni hadi Newala mjini, na nimeapa mbele yenu kwamba bomba la mtu nikilikuta linamwaga, hata liwe linabeba nyumba, nageuza uso napita. Lakini tangi la shule limeshapokea masika yake ya kwanza, wasichana wote wapo kipindi cha kwanza, na shingoni sasa nina funguo mbili. Anayetaka ndoo ya maji aje, aanze na shikamoo, na asiniulize habari za mkate.